Mwaka wa matayarisho ya Kichina: kinachomshinda mwanafunzi ni lugha au ni maisha ya ugenini?

#1 Mwana wa Mbarara
Wanajukwaa, habari za leo. Niko Wuhan, China, katika mwaka wa matayarisho ya lugha, na nikifaulu nitaingia shahada ya uhandisi wa ujenzi inayofundishwa kwa Kichina. Vipindi huanza saa mbili asubuhi kwa imla ya maneno ya jana, kisha sarufi, kusikiliza na kuzungumza, na baadhi ya siku alasiri kuna hisabati na fizikia kwa Kichina hicho hicho. Nikirudi bwenini bado nina maneno mapya ya kukariri, chakula cha kupika, nguo za kufua, karatasi za kupeleka ofisi ya wanafunzi wa kigeni, na simu za nyumbani ambazo hazijui kusubiri.

Nimewatazama wenzangu walioanza kubaki nyuma, na sijaona hata mmoja aliyepungukiwa na akili. Mmoja aliuguliwa na baba yake, mwingine aliishiwa fedha katikati ya mwezi, mwingine halali mpaka alfajiri. Hayo yalitangulia, ndipo imla zikawashinda. Hoja yangu ni kwamba maisha ndiyo yanayomwangusha mtu, halafu Kichina kinabebeshwa lawama. Waliopita njia hii waniambie waliigawaje siku yao, na wasioafiki hoja hii wanikosoe bila kunionea haya.

#2 Mkalimani wa Kapeeka
Hongera kwa kufika huko, ndugu yangu. Nilisoma matayarisho Tianjin na sasa ni mkalimani katika kiwanda kimoja hapa Kapeeka, kwa hiyo ninasema niliyoyaona kwa macho, nami siafikiani nawe.

Tazama idadi ya maneno katika ngazi za HSK, yaani mtihani wa kupima Kichina cha wageni, za utaratibu ambao wengi wetu tuliufuata: ngazi ya kwanza maneno 150, ya pili 300, ya tatu 600, ya nne 1200. Kila hatua inazidisha mzigo mara mbili. Mwanafunzi anayeanza Septemba huona mambo ni mepesi hadi Desemba, akajiunga na timu ya mpira, akazoea kupika kila jioni, akapata marafiki wa kutembea nao Jumamosi. Inapofika Machi mzigo umekuwa mara mbili, naye bado anaishi kwa ratiba ya Oktoba. Aidha, karatasi za ngazi ya kwanza na ya pili huandikwa herufi pamoja na pinyin, yaani matamshi yake kwa alfabeti ya Kilatini, lakini kuanzia ngazi ya tatu pinyin huondolewa, na mtu aliyekuwa akisoma kwa kuegemea zile alama za Kilatini hujikuta hana pa kushika. Maisha yake ni yale yale. Lugha ndiyo iliyobadilika, na hakuna aliyemwonya mapema.

#3 Mama Jinja
Ninamwunga mkono Mwana wa Mbarara. Mimi nilikwenda Changsha nikimwacha mtoto wa kuanza shule kwa mama yangu, Bugembe. Uganda iko nyuma ya China kwa saa tano, na jambo hilo likiachwa bila kupangwa linaweza kumla mtu mwaka mzima. Mtoto alizoea kuongea nami kabla ya kulala, yaani saa tatu usiku ya nyumbani, ambayo kule ni saa nane usiku. Baada ya simu nilikuwa ninakaa macho nikimwaza, na saa mbili asubuhi mwalimu anasoma imla nami sisikii tofauti ya toni ya pili na ya tatu. Kichina kilikuwa na kosa gani hapo?

Tulichofanya ni kuisogeza simu hadi saa kumi na moja jioni ya Jinja, mtoto akiwa ametoka shule na amekwisha kula. Kule ni saa nne usiku, na ninaweza kulala baada ya hapo. Ilibidi mama awekewe WeChat, kwa kuwa WhatsApp haifunguki China kwa njia ya kawaida, na jirani akamfundisha kuipokea akiwa amekaa barazani ambako mtandao unashika. Wiki za mwanzo mama aliona kama ninamkwepa. Nilimweleza kwa upole mara nyingi mpaka akaelewa, na kazi hiyo ya kueleza nayo ni sehemu ya masomo, ingawa haimo katika kitabu chochote.

#4 Mwana Arua
Salaam kwenu nyote. Mbona hakuna anayetaja toni? Sisi tuliolelewa kwa Kilugbara tumezaliwa ndani ya lugha ya toni, ambamo sauti ikipanda au ikishuka maana hubadilika, na nilipofika China toni nne hazikunipotezea usingizi. Wenzangu waliokuwa wakitumia saa mbili kila jioni kurudia toni mbele ya kioo walikuwa wanaishiwa muda wa herufi. Kwa maoni yangu, anayebaki na muda wa kuishi ni yule ambaye lugha ya kwao imekwisha kumfanyia nusu ya kazi.

#5 Msomi wa Wandegeya
Mwana Arua, polepole, usitufanye watu wa kusini tuonekane viziwi. Luganda pia ina toni, na Kiacholi vilevile, na bado nimewaona Waganda wakihangaika na toni za Kichina kama mtu yeyote. Katika lugha zetu tunasikia toni ndani ya maneno tuliyokua nayo, bila kufikiri, na kuipandikiza hiyo katika maneno mapya ya silabi moja moja ni kazi nyingine. Isitoshe, toni za Kichina huathiriana: toni ya tatu ikifuatwa na toni nyingine ya tatu, ile ya kwanza hutamkwa kama ya pili, ndiyo maana salamu ya kila siku, *nǐ hǎo*, haitamkwi kama ilivyoandikwa. Hapo Kilugbara kinakusaidiaje?

#6 Mwana Arua
Kinanisaidia kusikia, ndugu Msomi. Kutamka nilijifunza kama wewe. Ila anayesikia vizuri hupata imla zake, na anayepata imla hulala mapema.

#7 Mwalimu wa Kasese
Naomba nilete takwimu. Taasisi ya Marekani inayowafundisha lugha wanadiplomasia hukadiria kwamba Kichina kinahitaji saa 2200 za darasani, na Kiswahili saa 900. Chukueni wiki arobaini za masomo kwa saa ishirini na tano kila wiki: ni saa 1000. Kwa hesabu hiyo mwanafunzi anatakiwa kubeba katika mwaka mmoja kitu kisichoweza kuingia katika mwaka mmoja, na hata akiishi kama mtawa, asipike wala asipige simu, bado hataweza. Tatizo basi liko katika mpango wenyewe wa mwaka mmoja.

#8 Mkalimani wa Kapeeka
Mwalimu, takwimu zako ni sahihi, lakini umezitumia mahali pasipo pake. Zinahusu watu ambao lugha yao ya kwanza ni Kiingereza, na zinalenga kiwango cha kufanyia kazi ya kidiplomasia, ambacho kiko juu sana kuliko HSK ya nne ambayo vyuo vingi huitaka kwa uhandisi na sayansi. Kufika ngazi ya nne kwa mwaka mmoja kunawezekana, na wengi hufika. Swali la mwenye uzi ni kwamba wanafika wakiwa katika hali gani.

#9 Bombo Kwetu
Assalaam alaykum. Nitazungumzia chakula, kwa sababu naona wengi wanakipita haraka.

Miaka hii Ramadhani huangukia mwanzo wa muhula wa pili, yaani wakati ule ule ambao Mkalimani anasema mzigo unakuwa mara mbili. Kufunga hakukunitatiza, kwani siku za Februari na Machi kule ni fupi na za baridi. Kilichonitatiza ni daku. Kantini inafungwa mapema jioni, vyumbani hawaruhusu majiko ya umeme, na jiko la pamoja kwenye ghorofa yetu lilikuwa na mioto miwili kwa watu wengi. Nilikuwa ninapika usiku saa tano baada ya foleni kuisha, ninaamka tena kabla ya alfajiri kula, kisha ninaingia darasani. Mwezi ule alama zangu za kusikiliza zilishuka, na zilipanda tena baada ya Idi, bila mimi kubadili namna ya kusoma.

Kilichoniokoa ni migahawa ya tambi za Lanzhou, ambayo huendeshwa na Waislamu na ipo karibu katika kila mji. Tafuteni maandishi 清真, yaani chakula halali, juu ya mlango. Mwenye mgahawa mmoja nyuma ya chuo alikubali kunifungia chakula cha daku kila jioni, na kwa kuwa hakujua Kiingereza hata neno, nikapata pale mazungumzo ya Kichina ambayo darasani sikuyapata. Aliniuliza habari za Uganda kila siku, nami kila siku nikalazimika kujua maneno mapya ya kumjibu.

#10 Mchuuzi wa Kikuubo
Mnaongea yote isipokuwa fedha. Fedha za kujikimu za ufadhili wa serikali ya China kwa ngazi ya shahada ya kwanza ni yuani 2500 kwa mwezi, bweni na ada vikiwa vimelipwa. Kwa mtu mmoja asiye na mtu wa kumtegemea zinatosha kula na kuishi. Lakini ni nani kati yetu asiye na mtu wa kumtegemea? Nyumbani wakisikia uko China wanadhani umefika dukani. Mdogo wako anaomba simu, shangazi anaomba vitenge, na jirani anataka umtafutie bei za viatu Guangzhou. Unaanza kwa kuwasaidia, unaishia kuwa wakala wa mizigo, na saa za kukariri herufi zinakwenda katika kupiga picha za bidhaa na kujibu wateja wa Kikuubo. Nimenunua mizigo kupitia wanafunzi wa namna hiyo, na nimewaona wakiharibikiwa na masomo.

#11 Tororo Mpakani
Mchuuzi amesema kweli, nami niongeze la sheria. Mwanafunzi wa kigeni China haruhusiwi kufanya kazi ya malipo nje ya chuo bila idhini ya chuo na bila ofisi ya uhamiaji kuiandika katika kibali chake cha ukaazi. Sheria ya uhamiaji iliyoanza kutumika Julai 2013 inaweka faini ya yuani 5000 hadi 20,000 kwa anayefanya kazi kinyume cha utaratibu, na kosa likiwa zito kuna kuwekwa kizuizini siku 5 hadi 15. Faini ya chini kabisa ni fedha zako za kujikimu za miezi miwili. Kama nyumbani wanakusukuma utafute kibarua, waambie hivyo hivyo kwa hesabu.

#12 Mwana wa Mbarara
Nawashukuru sana nyote. Mama Jinja, usiku wa kuamkia leo nimepiga hesabu ya saa za simu zangu na nimeona kwamba karibu zote ziko baada ya saa saba usiku ya hapa. Mkalimani, la ngazi kuzidishana mara mbili limenigusa, ila bado sioni kama linaikanusha hoja yangu: kama mzigo unakua nami sina mahali pa kuupunguza upande wa pili, bado ni maisha yaliyokosa nafasi.

#13 Msomi wa Wandegeya
Wote mmepita kando ya jambo ninaloliona kuwa zito kuliko yote, nalo ni bweni. Vyuo vingi huwaweka wanafunzi wa kigeni katika majengo yao, mbali na Wachina. Unatoka darasani saa sita, na tangu hapo mpaka kesho asubuhi unazungumza Kiingereza na Mghana, Kiswahili na Mtanzania na Mkenya, na Luganda na mtu wa kwenu. Unaishi China bila kuishi katika Kichina. Ndiyo maana unahitaji saa nne za kukariri mezani, kwa sababu maneno ya asubuhi hayakutani nawe tena mchana. Bombo Kwetu alipata mgahawa wake, na hakuutafuta kwa ajili ya lugha, njaa ilimpeleka.

Nilianza Kichina jioni katika Taasisi ya Confucius pale Makerere, iliyofunguliwa 2014 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Xiangtan, kwa hiyo nilifika nikiwa na maneno machache ya kuniwezesha kununua mboga na kuuliza njia. Hilo lilinipa ujasiri wa kutoka nje ya bweni tangu wiki ya kwanza. Halafu nikapata rafiki wa kubadilishana lugha kupitia mtandao, mwanafunzi wa Kiswahili huko Beijing. Wapo wengi kuliko tunavyodhani, kwani Kiswahili kinafundishwa vyuoni China tangu miaka ya 1960, na redio yao ya kimataifa ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961. Nusu saa tuliongea Kiswahili, nusu saa Kichina, na haikuwa saa ya masomo wala ya mapumziko, ilikuwa vyote viwili.

#14 Mwalimu wa Kasese
Hapo Msomi umenikumbusha uchungu wangu. Mwishoni mwa 2018 serikali ilitangaza kuingiza Kichina katika shule za sekondari zilizoteuliwa, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima. Mimi ninayefundisha Kiswahili nina darasa lenye vitabu vichache mno. Mchina anayejifunza Kiswahili Beijing huenda ana kamusi nzuri kuliko wanafunzi wangu.

#15 Tororo Mpakani
Mwalimu, hoja hiyo ni ya haki na inastahili uzi wake. Hapa tumsaidie kijana wa Wuhan.

#16 Mama Jinja
Nirudi kwenye saa za kukariri, kwa sababu ndizo zinazokula jioni. Kwetu darasani tuligawanyika katika jambo moja: je, mtu aandike kila herufi kwa mkono, au atosheke na kuitambua? Kwenye simu unaandika pinyin, inakuletea herufi, unachagua. Baada ya miezi kadhaa unaweza kusoma ujumbe mrefu, lakini ukipewa kalamu mkono haujui pa kuanzia. Mimi niliandika kwa mkono maneno ya imla tu, yale mengine nikayaacha kwenye programu ya kadi za kurudia, nikiyapitia ndani ya basi na kwenye foleni ya kantini. Jioni yangu ilipungua kwa saa nzima. Wenzangu walioandika kila kitu walinishinda katika insha, nami sikuwahi kuwashinda hapo hata mwisho wa mwaka. Sijutii, kwa sababu saa ile ilikuwa ya mwanangu.

#17 Mkalimani wa Kapeeka
Dada Mama Jinja amegusa penyewe. Mimi ni wa upande wa kuandika, lakini kwa utaratibu. Anayekariri herufi moja moja kama michoro atachoka kabla ya 300. Herufi nyingi zina upande unaodokeza maana na upande unaodokeza sauti. Chukueni 青, inayosomeka *qīng*. Ukiiweka pamoja na maji unapata 清, safi. Pamoja na maneno, 请, kuomba. Pamoja na moyo, 情, hisia. Pamoja na jua, 晴, hali ya hewa isiyo na mawingu. Zote nne zinasikika *qing*, na zinapotofautiana ni kwa toni tu. Niliacha kufuata mpangilio wa kitabu jioni, nikawa ninakusanya herufi za ukoo mmoja pamoja namna hiyo, na nilichokuwa nikikifanya kwa saa tatu nikakifanya kwa moja na nusu. Si kila herufi hukubali, na sauti nyingine zimepotea kwa karne nyingi, ila zinazokubali ni nyingi kiasi cha kumrudishia mtu jioni yake.

#18 Mwana Arua
Hamjataja baridi. Kaskazini mabweni yana joto la bomba kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Machi, lakini kusini ya Mto Huai, Wuhan na Changsha zikiwemo, hakuna mabomba hayo ya serikali. Wuhan Januari unakaa chumbani vidole vimekufa ganzi, unaingia kitandani na kitabu, unalala saa mbili usiku na neno moja hujashika. Ndugu wa Mbarara, hamia maktaba. Kuna mashine za joto, kuna mwanga, na hakuna mtu atakayekuomba chumvi.

#19 Bombo Kwetu
Mwana Arua ana haki, ila maktaba nayo ina ubaya wake: hukai na mtu wa kuongea naye. Hoja ya Msomi inabaki palepale. Mimi ningegawa, herufi maktaba, maneno mgahawani.

#20 Mchuuzi wa Kikuubo
Na simu ya biashara izimwe kote kuwili. Halafu kwa wanaolia chakula cha nyumbani, unga wa mahindi ya njano upo katika masoko makubwa, hasa kaskazini ambako Wachina wenyewe huula. Ugali wake unashika vizuri, na unaiva upesi kuliko kuchemsha maharage usiku wa manane.

#21 Mwana wa Mbarara
Nimesoma yote mara mbili. Kwa wiki hizi nimeamua simu za nyumbani ziwe kati ya saa tatu na saa nne usiku ya hapa, maktaba baada ya chakula cha jioni, na chakula cha mchana nikile nje ya lango la chuo ambako hawajui Kiingereza. Bado sijashawishika kwamba tatizo ni lugha, wala sijamshawishi Mkalimani. Nina swali moja: mtihani wangu wa HSK ya nne nichague wa karatasi au wa kompyuta? Nimesikia pia kwamba siku hizi ngazi ni tisa.

#22 Mkalimani wa Kapeeka
Viwango vipya vilivyotolewa 2021 vina ngazi tisa, na mtihani wa ngazi ya 7 hadi 9 ulianza 2022, lakini wewe fuata ngazi ambayo chuo chako kimeitaja kwa maandishi. Waulize ofisini wala usiwaulize wenzako. Kwa mtihani, ule wa kompyuta unakuruhusu kuandika kwa pinyin na kuchagua herufi, kwa hiyo sehemu ya kuandika inakuwa nyepesi kwa mtu wa njia ya Mama Jinja. Ule wa karatasi unadai mkono. Kama imla zako ziko chini ya nusu hivi sasa, chukua kompyuta, na muda utakaouokoa uupeleke katika kusikiliza, kwa sababu profesa wa uhandisi atakapoanza kuongea Septemba hatakuonyesha pinyin wala hatarudia.

#23 Mama Jinja
Na ujiandikishe mapema, nafasi hujaa. Mwalimu wako wa darasa atakupa tarehe za kituo cha hapo Wuhan.

#24 Mwana Arua
Mkalimani, umemshauri kompyuta baada ya kututetea kalamu ukurasa mzima?

#25 Mkalimani wa Kapeeka
Nimemshauri kwa mtihani wa mwaka huu, Mwana Arua. Kalamu ataihitaji siku atakapokaa darasani kuandika anayoyasema profesa, na hapo ndipo ninapoomba yeye mwenyewe arudi kwenye uzi huu atuambie nani kati yetu alikuwa karibu na ukweli.